Mwaka Unaanza Saa Ngapi?

Oktoba 2

Baba ametoa hukumu yake asubuhi, akiwa ameketi kando ya mtambo wa uchapaji, macho yake yaliyofunikwa na mtoto wa jicho yakigeukia kila sauti ilikotokea. Kaka anataka kiwanda kiache kuchapa karatasi, mtambo uuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na chumba hiki kiwe cha kuchapia mabango ya plastiki. Mimi, niliyeomba likizo ya msimu mmoja chuoni ninakofundisha historia ya sayansi, nimesema mtambo ubaki. Baba alituacha tuongee mpaka tukaishiwa.

"Msimu wa kalenda ndio huu," akasema. "Binti yangu atatoa kalenda moja. Ikitoka sahihi, mtambo unabaki na funguo ni zake. Ikitoka mlango ule na siku moja iliyokosewa, moja tu, funguo ni za kaka yake. Nimemaliza."

"Baba, siku moja katika mwaka mzima?"

"Kalenda haina siku ndogo, mama."

Kaka hakufurahi wala hakununa. Alitazama mkono wa Baba uliokuwa juu ya mtambo, kisha akaenda zake. Nilimwona kama mtu anayepima jeneza la aliye hai. Huenda nimemwonea.

Oktoba 5

Mteja amepatikana. Ni wakala wa mizigo mwenye ofisi ng'ambo ya barabara, mtu mkubwa wa kicheko, ambaye huniita Daktari kwa sauti ya kuita gari.

"Daktari, nimechoka kupiga simu zisizopokelewa! Dawa zangu za mifugo zilikwama ghalani kwa watu kwa sababu aliyeniuzia alikuwa anasherehekea mwaka mpya nisioujua. Nichapie kalenda inayoniambia dunia inafungua mwaka lini na lini. Ukurasa mmoja. Ukutani. Nitawagawia na wenzangu wote wa mizigo."

Shangazi, dada yake Baba, ambaye ndiye mwenye kaunta na mwenye neno la mwisho juu ya chai, aliinua kichwa. "Kwani miaka mipya iko mingapi? Mimi huu mmoja tu unanitoa jasho."

Oktoba 9

Nimesoma kutwa. Sina la kuandika ila kwamba sikujua nilikuwa sijui kiasi hiki.

Oktoba 17

Nilidhani kazi yangu ni kukusanya tarehe. Sasa naona kwamba kila kalenda ni jibu la swali moja, nalo si "lini?" bali "tumuulize nani?" Waajemi huuliza jua: mwaka wao huanza usiku na mchana vinapolingana mwezi Machi, na ikiwa tukio hilo limepita adhuhuri kwao, siku ya kwanza husogezwa hadi kesho yake. Wahabeshi hufungua mwaka wao Septemba, sisi tukiwa tumeuchosha wetu. Wachina huuliza jua na mwezi kwa pamoja: wanasubiri mchana mfupi kuliko yote upande wa kaskazini, kisha kwa kawaida wanauacha mwezi mpya wa kwanza upite, na wa pili ndio unaofungua mwaka. Mayahudi huanza baada ya kiangazi cha huko kaskazini, na siku yao huingia jua linapozama. Hijria huuliza mwezi peke yake, na kwa hiyo huzunguka majira yote, kama mgeni anayelala kila nyumba kwa zamu ili asimbague mtu.

Nilipowaeleza haya wakati wa chai, kila mmoja alitaka mwaka wake uandikwe. Shangazi alisema mwaka wa mwanamke huanza siku ya kununua viatu vya shule. Fundi wa mtambo, ambaye sote tunamwita Mafuta kwa sababu hakuna aliyewahi kuuona mkono wake ukiwa mkavu, alisema wake huanza anapomaliza kumwosha Mama Mkwe na kumwasha upya. Mama Mkwe ndio mtambo wenyewe. Jina alilitoa yeye: ukimsalimia vibaya asubuhi, siku yako imekwisha.

"Na wewe Bi Huenda, wako unaanza lini?" akaniuliza.

Jina hilo nimelipata wiki hii. Nikasema huenda bado sijaanza. Wakacheka mno, na mimi pia.

Oktoba 24

Tumegombana na Baba juu ya duara.

Mpango ni huu: tarehe zote zitachapwa kwa wino mweusi kwanza, kisha karatasi zitapita mara ya pili kupokea wino mwekundu, nao utaweka duara juu ya kila siku inayofungua mwaka wa watu fulani, pamoja na jina la kalenda yao. Kwa mwaka wa Hijria nimeomba maduara mawili matupu, juu ya siku mbili zinazofuatana mwezi Januari, kwa sababu wapo wanaofuata hesabu na wapo wanaosubiri kuuona mwezi kwa macho, nami sina mamlaka ya kuwaamulia.

"Unachapa shaka," alisema Baba.

"Nachapa ukweli, Baba. Ukweli wenyewe ndio una shaka."

"Mteja hanunui shaka. Kalenda haisemi huenda, haiombi radhi, haikohoi. Inasema Jumatatu, basi ni Jumatatu."

Niliporudi chumbani nilijiuliza kama ninatetea haki ya watu wanaosubiri mwezi au ninatetea tu woga wangu wa kukata shauri. Mtu aliyesoma sana ana namna nyingi za kuuvika woga nguo nzuri.

Novemba 3

Mvua. Karatasi zinavuta unyevu, Mafuta anavuta shati lililomganda mgongoni. Hakuna kazi.

Novemba 7

Mvua. Kaka amepita na kumkuta Baba ameweka kiganja juu ya mtambo unaokwenda, kama anavyofanya siku zote, akisikiliza kwa ngozi kama roli zake za wino zinazunguka sawa. Mimi huona uzuri katika jambo lile. Kaka alisema, "Baba, toa mkono," kwa ukali ambao sikuupenda, akaondoka bila kunywa chai. Shangazi akasema, "Huyo chai haimpandi, ana jambo kooni."

Novemba 13

Leo tumeitikiana. Ni desturi ya kiwanda hiki tangu kabla sijazaliwa: kabla ya prufu, yaani karatasi ya majaribio, kutiwa sahihi, mmoja husoma tarehe kwa sauti na wengine huitikia jina la siku kwa pamoja. Atakayesita, mwezi mzima unarudiwa kuanzia mwanzo. Mimi nilisoma. Baba, asiyeona karatasi, aliitikia kutoka kichwani na kwa kawaida aliwahi kuliko sote.

"Machi kumi na tano!"

"Alhamisi!"

"Machi kumi na sita!"

"Ijumaa!"

"Machi kumi na saba!"

"Juma…" Shangazi akapiga chafya.

"Rudini mwanzo," alisema Baba.

"Kaka yangu, chafya si shaka!"

"Chafya ni kusita kwa pua. Machi mosi!"

Tulipomaliza, nilimsomea Baba maduara, moja baada ya jingine. Yale mawili matupu akasema yasiwepo; lichapwe duara moja lililojaa, juu ya siku ya kwanza. Nilikubali. Niliandika sahihi yangu chini ya yake.

Novemba 20

Wino mweusi umekwisha kuchapwa. Mama Mkwe alikuwa na tabia njema siku nzima. Mafuta anasema ni kwa sababu alimsalimia kwa shikamoo.

Novemba 24

Naandika haya nikiwa nimeketi juu ya marobota ya karatasi.

Tulianza wino mwekundu mchana. Kufika saa moja na nusu ya usiku karibu nusu ya karatasi zilikuwa zimepita, nyekundu yake imeiva, maduara yamekaa juu ya siku zake kama vifungo juu ya shati. Mafuta alikuwa anaimba. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitilia shaka, jambo ambalo kwangu ni dalili mbaya.

Shangazi alikuwa kwenye kaunta akiongea kwa simu na binti yake, binamu yangu anayesomea uuguzi huko kwa Wachina. Mtambo una kelele, kwa hiyo Shangazi huongea na simu kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na simu yenyewe ameifungulia sauti yote.

"Mbona unapiga miayo, wewe? Hapa hata chakula cha usiku hatujala!"

"Mama, hapa saa sita ya usiku imepita. Huku tayari ni kesho."

"Ati kesho! Haya, kesho kuna nini huko? Niambie nijiandae!"

Mafuta alicheka. Mimi pia nilianza kucheka, na kicheko kikafa mdomoni.

Huku tayari ni kesho.

Nilikimbilia karatasi zangu za hesabu. Mwezi ule wa pili, unaofungua mwaka wa Wachina, utapita kati ya dunia na jua tarehe kumi na saba Februari, saa moja na robo ya usiku. Saa moja na robo kwa saa ya ukutani kwetu! Nilikuwa nimemuuliza mwezi swali sahihi huku nimesimama mahali pasipo pake. Mwezi wenyewe haujali tarehe. Tarehe ni ya waliosimama chini yake. Na wao, saa ile, watakuwa wamekwisha kuvuka saa sita ya usiku na kuingia tarehe kumi na nane. Mwaka wao utaanza kumi na nane. Duara langu limekaa juu ya kumi na saba.

Siku moja. Moja tu.

Kuitikiana kwetu kusingeweza kuigundua. Kila mtu aliitikia sawasawa, na tarehe kumi na saba kweli ni Jumamosi. Tulikuwa tumehakikisha kwa sauti kubwa kila jambo isipokuwa lile nililolileta mimi.

Nakiri hapa kwamba kwa muda wa pumzi chache nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Wakala angeona duara, angepiga simu au asingepiga. Kisha nikaisikia hoja ile ikizungumza kwa sauti yangu ya darasani, yenye mpangilio mzuri, na nikaichukia.

"Zima!" nilisema.

Mafuta hakusikia. Nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo: "Mzime Mama Mkwe!"

Kimya kikaingia kiwandani. Baba, kwenye kiti chake, aliinua kichwa.

"Nani amesita?" akauliza.

"Mimi, Baba."

Nikamweleza. Nilidhani sauti itanitoka kwa machozi, lakini ilinitoka kavu na wazi, kama ya shahidi. Nilipomaliza, aliuliza jambo moja tu.

"Karatasi hizo zimetoka mlango ule?"

"Bado."

"Basi hiyo si kalenda. Hiyo ni karatasi iliyochafuka." Akawageukia wengine. "Kalenda hii, nani mwingine angeisimamisha?"

Mafuta alijifuta mikono kwa tambara, akasema taratibu, "Mzee, mimi ningeichapa mpaka karatasi ya mwisho. Nikiimba."

"Mama," Baba akaniambia, "ile huenda yako, leo nimeisikia ikifanya kazi. Bamba jipya la kuchapia likitengenezwa, duara la Wachina lisogee. Na yale maduara yako mawili matupu ya Januari, yatie."

"Baba, ulisema kalenda haisemi huenda."

"Nilisema. Nimesimamishwa."

Novemba 25

Bamba jipya limetengenezwa, lakini karatasi tulizoharibu hatuna za kufidia. Muuzaji wetu hana zenye uzito ule. Sikuwa na la kufanya ila kumpigia Kaka, ambaye anajuana na kila mwenye karatasi mjini. Nilimweleza yote na nikasubiri asikike akifurahi.

"Nakuja," akasema.

Alikuja kabla ya adhuhuri, mvua ikimchuruzika, na karatasi zimefunikwa turubai nyuma ya gari la kuazima. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akasimama mwisho wa mtambo pale karatasi zinapodondokea, mahali aliposimama tulipokuwa wadogo.

"Kwa nini unanisaidia kushinda?" nilimuuliza.

"Nani amesema nashindana?" Aliongea bila kunitazama, akisawazisha kingo za karatasi. "Mdogo wangu, wewe uko chuoni. Mimi ndiye niliye karibu. Kila simu ikilia alfajiri, nadhani ni Shangazi ananiambia mtambo umemshika Baba mkono. Haoni, na bado anaugusa unapokwenda. Mnaona ni mapenzi. Mimi naona vidole."

Nimefundisha wanafunzi miaka mingi kwamba anayetazama anatazama kutoka mahali fulani. Nimelisahau mara mbili ndani ya siku mbili: kwa mwezi, na kwa ndugu yangu.

Novemba 27

Maduara mekundu yote yamekaa mahali pake. Nimeyakagua mpaka Shangazi akaninyang'anya miwani.

Desemba 4

Kalenda zimetoka mlangoni. Wakala alifungua moja barabarani, akaishika kwa mikono miwili kama shuka linaloanuliwa, akasoma kwa sauti kila mwaka mpya, na wapita njia wakasimama kusikiliza. "Daktari, mbona haya mawili ya Januari ni matupu?"

"Utayajaza mwenyewe, siku ikifika."

"Kumbe nimenunua kalenda na kazi ya nyumbani juu!"

Baba hajatoa funguo. Anasema kalenda haihukumiwi siku ya kuuzwa, huhukumiwa siku inaposema kitu. Amechagua siku: ile ile iliyosogezwa, ya Wachina.

Januari 1

Mwaka wa kwanza umeingia kwa wakati. Huo ulikuwa rahisi.

Januari 14

Kaka ameleta mabomba na mchomeleaji. Sasa mtambo umezungushiwa uzio wa chuma unaofika kiunoni. Baba aliukagua kwa viganja, akanung'unika kwamba ng'ombe huzungushiwa hivyo. Kisha Mafuta akawasha. Baba akaushika uzio na uso wake ukabadilika: mtetemo wa mtambo umepita ardhini na kupanda mabombani hadi mkononi mwake. "Hm," akasema. "Roli ya pili inalalamika." Kaka alitoka nje kidogo. Aliporudi, alikunywa vikombe viwili vya chai.

Januari 21

Waliofuata hesabu walifungua mwaka wa Hijria jana. Waliosubiri mwezi kwa macho wamefungua leo. Nilivuka barabara kwenda kwa wakala. Karani wake mmoja alikuwa amelijaza duara la Jumamosi kwa kalamu ya bluu, mwenzake amelijaza la Jumapili kwa ya kijani, na wote wawili walikuwa wakinywa kahawa chini ya kalenda ile bila ugomvi, isipokuwa juu ya rangi ipi nzuri zaidi. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Nimeandika makala kadhaa maishani. Sidhani kama kuna iliyowahi kusomwa vizuri hivyo.

Februari 11

Wakala anasema mwaka huu hakuna mzigo wake uliokwama. Joto. Sijalala vizuri.

Februari 17

Tulikuwa kiwandani sote jioni, tukijidai tunafanya usafi. Kalenda inasema kesho. Hakuna aliyekuwa anaitazama, na hakuna aliyekuwa anatazama kitu kingine.

Saa moja ilipogonga, simu ya Shangazi ikalia. Aliifungulia sauti yote. Mara chumba kikajaa mlio wa fataki, vishindo juu ya vishindo, kelele za umati, na sauti ya binamu yangu ikipaa juu yake: "Mama! Mnasikia? Mwaka umeingia! Umeingia sasa hivi!"

Mafuta alirusha tambara hewani. Kisha Kaka akaigeukia kalenda ukutani, akaweka kidole juu ya duara.

"Leo ni tarehe kumi na saba," alisema polepole. "Kalenda inasema kumi na nane."

Fataki ziliendelea kulia simuni. Nilijua jibu, nilikuwa nimelijua tangu Novemba, lakini kujua jambo na kulisikia likilia mbele yako jioni ya tarehe isiyo yake ni mambo mawili. Nikainama juu ya simu. "Huko ni tarehe ngapi?"

"Kumi na nane, dada! Imeingia na mwaka!"

"Huko, sawa," alisema Kaka kwa huruma, kama mtu asiyetaka kushinda. "Lakini hapa?"

Ndipo Baba akagonga fimbo sakafuni.

"Jua limezama?"

"Limezama, Baba."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa moja."

"Moja ya nini? Saa ya kwanza inakuwaje mwisho wa siku? Babu zenu walipohesabu, jua likizama siku imekwisha, na moja ni mwanzo wa nyingine. Hao wa huko wamevuka usiku wao wa manane, sisi tumevuka machweo yetu, na sote tumekutana mlangoni saa ile ile." Alicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu macho yake yafunikwe. "Kesho imeshaingia, watoto wangu. Kalenda haijakosea huko, wala haijakosea hapa."

Sikuwa nimeliona hilo. Katika hesabu zangu zote za mianzo ya siku za watu wengine, sikuwahi kuikagua saa iliyo ukutani kwetu. Kaka alinitazama, nikamtazama, na wote wawili tukaanza kucheka kama watoto waliokuwa wameshika pumzi.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Wakala aliingia ameinua simu yake juu, naye amepigiwa na mtu wake wa huko huko. "Daktari! Ananiambia kumi na nane! Ananiuliza nani ameniambia!"

Baba aliingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akazitafutia kiganja changu mpaka akakipata.

"Huenda," alisema, "ulikuwa unafaa tangu mwanzo."

"Mzee kasema huenda!" alipiga kelele Mafuta. "Shangazi, umesikia? Andikeni tarehe!"

"Tarehe ya wapi?" akauliza Shangazi.

Kaka alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati. Alikwenda kusimama mwisho wa mtambo, mahali pake. Baba akaushika uzio kwa mikono miwili na kuinua kidevu, kama mtu anayesubiri wimbo anaoujua.

"Mafuta," nilisema, na sauti yangu haikusita hata kidogo, "msalimie Mama Mkwe, kisha umwashe. Na sisi tunafungua mwaka wetu."